Vazi lenye nundu: jibu kwa fundi wa Malindi

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Malindi, nina cherehani mbili na msichana mmoja ninayemfunza kazi. Wateja wangu huja na picha kwenye simu, abaya ya Dubai iliyotoka juzi au gauni la kitenge la msanii fulani, wakitaka vivyo hivyo kabla ya Idd. Majuzi niliona picha ya gauni la mbunifu wa Japani lenye nundu mgongoni na kiunoni, na watu wamelisifu mno. Mimi niliona kama mtu anayeumwa, lakini usiku sikulala vizuri, nikawa nalifikiria. Hawa wabunifu wasiojali mtindo unaovuma wana la kutufunza, au wanatuchezea? Nitajuaje ipi kazi na ipi porojo? Nauliza kwa sababu nami nilishona dera kutokana na vikoi viwili vya marehemu babu yangu. Niliacha matamvua yaning'inie mabegani kwa kuwa sikutaka kuikata nguo yake. Kila aliyeliona alisema halijaisha."

Marahaba, mwanangu.

Gauni uliloliona ni la Rei Kawakubo, mwenye nyumba ya mavazi ya Comme des Garçons ya Tokyo. Lilionyeshwa Paris mwezi wa Oktoba 1996, katika mkusanyo wa msimu wa joto wa 1997. Baadhi ya magauni yale yalikuwa ya kitambaa cha kunyumbuka chenye miraba midogo kama sare za shule zetu, na ndani yake mlishonewa mito ya manyoya ya bata: mmoja begani, mwingine mgongoni, mwingine nyongani. Jina la mkusanyo lilisema kwamba mwili unakutana na vazi, na vazi linakutana na mwili. Ulichokiona wewe, mtu anayeumwa, ndicho walichokiona wengi hata huko Paris. Waliandika juu ya uvimbe na vilema. Kwa hiyo usidhani macho yako ni ya shamba. Macho yako yalifanya kazi yake, kisha ukakosa usingizi, na hapo ndipo gauni lilipoanza kufanya kazi yake.

Mimi vazi silielewi kwa macho peke yake, mpaka mkono upite. Kwa hiyo miaka kadhaa iliyopita nilichukua gauni langu la zamani, lenye kitambaa cha kuvutika, nikafumua godoro kuukuu, nikatoa sufi na kushona mito miwili. Mmoja niliutia mgongoni chini kidogo ya bega la kulia, mwingine kwenye nyonga ya kushoto. Nikajitanda leso nikatoka Mkomani kuelekea Langoni baada ya alasiri. Unavijua vichochoro vya Lamu. Alipokuja punda wa mchanga nilijibana ukutani kama siku zote, na nundu ya mgongoni ikagota ukuta kabla yangu. Nikatambua kwamba mwili wangu sasa unaishia pengine, na kwamba sikuwa nimejiuliza hata siku moja unaishia wapi.

Nikaendelea kutembea huku nikitazama watu. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto mgongoni kwa leso. Hamali alikuwa na gunia begani, kichwa kimelalia upande. Alipita mja mzito, akapita na mzee ambaye mgongo umepinda kwa miaka ya kuvuta jarife, wavu wa kuvulia samaki. Wote walikuwa na umbo la lile gauni la Paris. Sisi mafundi tumefunzwa kwamba kazi yetu ni kulificha umbo hilo: tubane kiuno, tusawazishe mabega, tumrudishe kila mteja kwenye mwili mmoja ambao karibu hakuna aliye nao. Kawakubo aliuliza nani aliyeamua kwamba kifua kitokeze hapa na kiuno kiingie pale. Hakuuliza kwa makala, aliuliza kwa sindano. Mwaka 1997 mcheza dansi wa Marekani, Merce Cunningham, alimwomba awashonee wachezaji wake mavazi ya namna hiyo, na wale wachezaji ikawalazimu kutafuta upya mizani ya miili yao jukwaani.

Hilo ndilo jibu langu, na mengine nitakayosema ni kulizungukia. Mbunifu wa aina hii anakuwa na swali, na swali lenyewe linakaa ndani ya mshono. Ukilitoa swali, vazi linaanguka. Anayefuata mtindo anakuwa na jibu alilopewa na mtu mwingine, na kazi yake ni kulishona vizuri. Kushona vizuri si jambo dogo, naliheshimu. Lakini ni kazi nyingine.

Kawakubo mwenyewe hakupitia chuo cha ushonaji. Alisomea sanaa na fasihi katika Chuo Kikuu cha Keio, akaanza kutengeneza nguo chini ya jina la Comme des Garçons mwaka 1969, na Paris akaingia 1981. Mkusanyo wake wa 1982 ulikuwa na sweta nyeusi yenye matundu, kama iliyotafunwa na nondo. Mashine ya kufuma ilikuwa imelegezwa skrubu makusudi ili iteleze na kuacha matundu yasiyo na mpango, na yeye akaiita lesi. Watu waliona matambara. Sasa wewe fikiria kofia zetu. Kofia ya mkono ya Lamu ni nini kama si matundu? Mshonaji anatoboa kitambaa cheupe, anazungushia uzi kila kitundu, kimoja kimoja, miezi na miezi, hata kofia inakuwa nusu ni kitambaa na nusu ni hewa, na kichwa kinapumua katika joto la Machi. Mshonaji wetu analiongoza tundu, Kawakubo aliliachia. Wote wawili wanajua kwamba pasipo na kitambaa pana kazi sawa na palipo nacho. Ukiweza kuisoma kofia ya babu yako, ile sweta si ngeni kwako.

Nataka nikae kidogo kwa mbunifu mwingine, kwa sababu yeye ndiye aliyenifungua macho nikaziona nguo za kwetu. Hussein Chalayan alizaliwa Nicosia, Kupro, mwaka 1970, katika jamii ya Waturuki wa kisiwa hicho. Mwaka 1974 kisiwa kiligawanyika na watu wengi wakayakimbia makazi yao, huku kila mtu akichukua kile mkono ulichofikia. Februari 2000, jijini London, alionyesha mkusanyo uliofanyika kama sebule. Jukwaani palikuwa na viti vinne na meza ya mbao ya mviringo. Mwishoni wanawake waliingia, wakavua vitambaa vya viti na kuvivaa vikawa magauni, na viti vyenyewe vikakunjwa kuwa masanduku. Wa mwisho aliingia katikati ya meza, akainua mbao hadi kiunoni, ikawa sketi ya matabaka. Sebule ikaondoka na wenyewe, pakabaki patupu.

Mtu akitazama picha ya ile sketi ya mbao bila kujua haya, atauliza nani ataivaa kwenda sokoni. Lakini kila mwanamke wa pwani anajua kukimbia na nguo. Leso ni vazi, na pia ni mbeleko, ni shuka ya mgonjwa, ni pazia, na siku mambo yakiharibika unaitandika chini, unaweka ulivyo navyo katikati ya mji wa leso, unakunja pindo nne na kufunga furushi. Mali yote ya nyumba imo katika nguo iliyokuwa kiunoni asubuhi. Chalayan alihitaji seremala ili aseme hivyo. Sisi tuna kitambaa cha pamba cha kama mita moja na nusu kwa mita moja na kitu, na tumeyazoea maajabu yake hata hatuyaoni.

Na kuna shiraa. Vijana wengi hawajaisikia. Zamani hapa Lamu, kabla buibui halijaenea mwanzoni mwa karne ya 20, mwanamke wa ukoo mkubwa alipotoka nje alitembea ndani ya hema la kitambaa lililoshikiliwa kwa vijiti na wajakazi wake. Vazi lilikuwa chumba kinachotembea, na kuta zake zilibebwa na miili ya watumwa. Utumwa ulipokomeshwa shiraa haikuweza kuendelea, maana hapakuwa na wa kuibeba. Kisha likaja buibui, ambalo mwanamke yeyote angeweza kulivaa peke yake, tajiri kwa maskini, mjukuu wa bibi na mjukuu wa mjakazi. Sijui vazi lingine duniani linalosimulia wazi namna hiyo nani anambeba nani. Natamani siku moja binti wa Lamu aishone shiraa upya, aionyeshe barabarani na aseme bila kupepesa ilisimama juu ya mabega ya nani.

Issey Miyake nitampitia haraka, ingawa yeye ndiye ningekushauri uanze naye kama fundi. Alizaliwa Hiroshima 1938, akafariki 2022, na maisha yake yote alilizunguka swali moja: kipande kimoja cha kitambaa na mwili mmoja, na nafasi iliyo kati yao. Zile nguo zake za mikunjo alizozitoa 1993 hushonwa kwanza zikiwa kubwa mara mbili na zaidi ya saizi, kisha ndipo zinatiwa mikunjo kwa joto baina ya karatasi. Utaratibu wa kawaida ni kukunja kitambaa kwanza halafu ukashona. Yeye aliugeuza. Ukimaliza kumsoma, fumua kanzu ya zamani iliyokatwa na fundi anayejua. Utaona badani mbili za mbele na nyuma, taharizi za ubavuni, kikwapa, kaba ya shingoni, na karibu kila mkato ni wa mstari ulionyooka. Kinachobaki hapa kinaingia kule. Hiyo pia ni falsafa ya kipande kimoja, ila waliokuwa nayo hawakuandikwa majina.

Kuhusu majina, msikilize Martin Margiela, Mbelgiji aliyefungua nyumba yake Paris mwaka 1988 pamoja na Jenny Meirens. Lebo yake ilikuwa kitambaa cheupe kitupu, kimeshikizwa kwa mishono minne ya uzi mweupe inayoonekana kwa nje. Yeye hakupigwa picha, hakutokea mwisho wa maonyesho kupungia watu. Wewe unafanya kazi karibu na soko la mitumba na unajua wanunuzi wanavyogeuza shingo ya shati kwanza kabla hawajaligusa. Margiela alitaka uguse kwanza. Naye alikuwa mtu wa mitumba kwelikweli. Alichukua soksi za jeshi zilizotumika akazifumua na kuzishona kuwa sweta, na pale kisigino cha soksi kilipokuwa pakawa kiwiko na kifua, kwa sababu kisigino tayari kimefumwa kwa kupinda. Hebu lisome tena hilo, maana ni akili ya fundi safi. Mwaka 1997, kwenye jumba la makumbusho la Boijmans Van Beuningen huko Rotterdam, alizipandikiza nguo zake vijidudu na ukungu, akaziacha nje zimee rangi. Sisi tunaoishi na hewa ya chumvi tunaijua kawa inavyoingia kabatini msimu wa mvua na kuandika madoa juu ya nguo ya harusi. Sisi tunaililia nguo. Yeye aliipa kawa nafasi iwe mfumaji wa pili.

Ninayempenda kuliko wote ni Mwafrika, Azzedine Alaïa wa Tunis. Alisomea uchongaji sanamu, akaenda Paris akiwa kijana, na mpaka alipofariki Novemba 2017 alikuwa bado anakata mwenyewe, usiku, kitambaa kikiwa juu ya mwili wa mtu. Dunia ya fasheni ina kalenda yake, na nyumba zote huonyesha wiki ile ile. Alaïa aliikataa. Alionyesha nguo zilipokuwa tayari. Julai 2017 alionyesha nguo zake za mkono baada ya miaka sita ya kutofanya hivyo, na hakuomba radhi. Nguo zake hazina nundu wala mbao. Kwa picha utaziona ni magauni tu yanayokaa vizuri. Ila swali lake lipo: saa ya vazi ni ya nani, ya muuzaji au ya mkono unaoshona? Nakutajia huyu makusudi, usije ukadhani kwamba asiyefuata mtindo lazima ashone vitu vya kushtua.

Sasa porojo. Ipo, na ni nyingi. Kuna mtu anayekata shati mkono mmoja, anaacha uzi unaning'inia, kisha anaandika aya tatu kuhusu maumivu ya binadamu. Mimi hufanya hivi: nafunika maandishi na kulitazama vazi. Kisha naligeuza ndani nje. Kazi ya Kawakubo ukiigeuza utakuta mahesabu magumu kuliko ya nje, maana kitambaa cha kunyumbuka chenye mto ndani kinataka kujikunja kila upande na lazima mtu akizuie. Kazi ya porojo ukiigeuza utakuta mshono wa haraka na gundi. Halafu natazama miaka. Swali la kweli halimwachi mtu. Miyake alikaa na lake zaidi ya nusu karne. Mtu anayekuja na wazo jipya kila miezi mitatu, kila moja likiwa kinyume cha wenzake, huyo naye anafuata mtindo. Amechagua tu mtindo wa kupinga.

Wala sitaki kukuficha gharama. Kawakubo hajaishi kwa magauni ya nundu. Anauza manukato tangu 1994, anauza fulana zenye moyo wenye macho, na ana maduka. Hizo ndizo zinazolipia nundu. Kampuni ya Yohji Yamamoto, mbunifu mwingine wa Japani, mtoto wa mjane aliyekuwa fundi cherehani, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai mwaka 2009. Margiela aliuza sehemu kubwa ya nyumba yake 2002, na miaka michache baadaye akaondoka kimya. Kwa hiyo usifunge mlango kwa wateja wa abaya. Abaya ya Idd ndiyo fulana yako yenye moyo. Ishone vizuri, lipisha sawa, na ujitengee siku katika wiki ambayo cherehani ya pili inafanya kazi ya swali lako peke yake. Mwaka ukikupa vazi moja lililokamilika, ni mwaka mzuri.

Usidhani pia kwamba lazima uangalie ng'ambo. Nairobi, tangu 1996, kuna nyumba ya mavazi ya KikoRomeo ya Ann McCreath, iliyojiita kwa neno letu la Kiswahili na kufanya kazi na pamba ya kufumwa kwa mkono na wasanii wanaopaka vitambaa rangi, wakati ambapo madukani ziliulizwa nguo za ng'ambo tu. Bintiye, Iona, ameendelea nayo. Itafute uone walivyoshika njia yao.

Nimebakisha dera lako, nalo nimelifikiria kuliko hayo mengine.

Wamesema halijaisha. Mimi nasema lina swali, ila umelivunja mahali pamoja. Umeniandikia kwamba hukutaka kuikata nguo ya babu. Hilo ni wazo zito, linatosha vazi zima. Lakini kwenye picha uliyoambatanisha naona shingo ya duara, iliyokatwa kwa mkasi na kupindwa kwa ukanda wa dukani, kama dera lolote. Ulikataa kukata pembeni, ukakata katikati. Mtazamaji hajui kanuni yako ni ipi, ndiyo maana matamvua ya begani anayaona kama kazi iliyoachwa njiani.

Kama babu aliacha vikoi vingine, shona jingine hivi. Kikoi kimoja kiwe mbele, kimoja nyuma, matamvua juu na chini. Viunganishe mabegani kwa mkono, chini kidogo tu ya yanapoanzia matamvua, na katikati uache wazi shibiri moja na nusu. Hiyo ndiyo shingo. Hakuna mkasi uliopita, kichwa kinaingia pale ambapo vitambaa viwili havikukutana. Matamvua yatasimama kuzunguka shingo na mabega, na hapo hakuna atakayesema halijaisha, kwa sababu yataonekana ni pale uzi wa mfumaji ulipoishia. Ubavuni shona ukingo kwa ukingo, uache nafasi ya mikono. Urefu ukizidi usiukate, upinde ndani na upige bandi nyepesi, mjukuu wako aweze kufumua akipate kikoi kizima alichokivaa babu wa bibi yake.

Na lile la kwanza usilitupe. Kama bado unacho kile kipande cha duara ulichokikata shingoni, kirudishe mahali pake nusu yake, upande wa nyuma, kwa sindano ya mkono na uzi wa rangi nyingine kabisa, mwekundu kama unao, ili mshono uonekane.